Uzi wa Kijani wa Kaluki

Kitambaa kilikuwa mita sita, rangi ya maziwa ya mgando, na kilikuwa kimelala ndani ya sanduku la bati kwa miaka ishirini na moja. Kaluki alipokuwa hai alikitoa kila Desemba, akakikung'uta, akakibadilishia majani ya mwarobaini, akakirudisha. Ukimuuliza mbona hakishoni shuka za kitanda kama wanawake wengine waliofanya kazi kiwandani, alijibu, "Siku yake haijafika." Sasa Kaluki mwenyewe alikuwa na miaka miwili chini ya udongo, na siku ya kitambaa ikawa imefika. Katee, binti yake na mumewe Nzioka, alikuwa anaolewa na Leshan, mtoto wa mzee Lemein wa Mashuuru, na hakutaka nguo ya dukani.

"Baba, nataka ile ya mama," alisema. "Uipake nyekundu wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Nzioka alikubali hata kabla binti hajafunga mdomo. Katee alidhani ni mapenzi ya baba. Yalikuwepo, lakini kulikuwa na sababu nyingine, na sababu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Peterson.

Mtu yeyote aliyewahi kuketi na Nzioka zaidi ya kikombe kimoja cha chai aliijua habari ya Peterson. Zamani hizo kiwanda cha nguo kilikuwa bado kinanguruma kule chini karibu na reli, kabla wakubwa hawajaruhusu mitumba iingie kama mafuriko na kabla wenye kiwanda hawajauza mashine kwa kilo kama vyuma chakavu. Nzioka alikuwa mpaka rangi, fundi wa kuzitia nguo rangi. Darasa la nne ndilo alilofika, lakini kwenye chumba cha rangi hakuna aliyemwuliza cheti. Alikuwa akitia kidole ndani ya pipa, anakilamba, anakwambia magadi yamezidi. Wenye vyeti walikuja na vipimo vyao vya kioo na kupata jibu lile lile, ila wamechelewa nusu saa.

Kitambaa kikitoka kwenye mashine za kufuma huwa kigumu kama katoni, kwa sababu nyuzi za mtande, zile za urefu, hupakwa wanga ili zisikatike. Watu wa kiwanda waliuita stachi. Ni lazima stachi ioshwe yote, kisha kitambaa kichemshwe na magadi, ndipo kifike kwa mpaka rangi. Palipobaki stachi, rangi haiingii. Nguo hutoka na mabaka.

Na siku moja nguo zikatoka na mabaka. Zilikuwa mita elfu moja na mia mbili za nyekundu, majora matatu ya oda ya wafanyabiashara wa Kajiado, na zilitoka kwenye pipa la Nzioka zimechapwa madoa kama ngozi ya chui. Peterson Kahiga, supavaisa wa chumba cha rangi, aliandika kwenye karatasi kwamba mpaka rangi aliharakisha. Nzioka akatolewa kwenye mapipa, akapelekwa nyuma kwa boila kubeba kuni, na huko akabaki mpaka geti lilipofungwa. Nguo zenyewe zikauzwa rahisi sokoni Kajiado. Miaka mitano baadaye alikuwa bado anakutana na wachungaji wamejifunga aibu yake mabegani. Watu walikuwa wamezipa jina. Waliziita chui.

"Ile rangi ilikuwa mbovu," Nzioka alikuwa akisema, na chai inapoa mbele yake. "Peterson aliitoa kwa mtu wake huko mjini, ikaharibika, akanivika mimi. Hao ndio wakubwa. Akikosea yeye, unafutwa wewe."

Na Kaluki, kila jina la Peterson lilipotajwa mezani, aliinuka kwenda kuangalia moto. Nzioka alidhani ni moto.

Sasa mambo yakawa hivi. Zile mita sita za sanduku zilikuwa mwisho wa jora la tisa la oda ile ile. Kaluki alizikata na kuzinunua kabla jora halijaingia kwenye rangi. Na Peterson, aliyekuwa amestaafu na kufuga ng'ombe wa maziwa kule Kimuka, alikuwa akinunua nyasi kwa mzee Lemein, kwa hiyo alikuwa kwenye orodha ya wageni. Nzioka aliposikia hivyo alishinda siku nzima akipiga hesabu yake. Angekipaka kitambaa hicho hicho, kwa mikono hiyo hiyo, kwa rangi nzuri ya leo. Kikitoka safi, Katee akitembea nacho mbele ya watu, basi Peterson angeona kwa macho yake nani alikosea. Mita sita, nafasi moja. Kikiharibika, nguo ya mama Katee imekwenda, na jina la Nzioka limekwenda mara ya pili.

Lemein alifika kwa Nzioka, Kitengela, asubuhi ya Jumatatu na pikapu yake, ameleta gunia la magadi kutoka njia ya Oltepesi.

"Sopa, paputani," alisema, akimwita mkwe kwa lugha ya kwao.

"Ipa," Nzioka akajibu. Maa yake iliishia hapo.

Lemein alitazama mapipa mawili ya bati juu ya mafiga, ndoo za maji zimepangwa, na mwiko mrefu uliochongwa upya. "Hii ni harusi ama unataka kuchemsha ng'ombe mzima?"

"Maji ni ya mvua. Nimekinga tangu Aprili. Haya ya kisima cha hapa yana chumvi mpaka sabuni inakataa povu, na yale ya bomba la kaunti, bomba lipo, maji ndiyo hayajazaliwa."

"Wewe hata kwa harusi unashtaki serikali."

"Si wao wako na maji yenyewe?"

Lemein akacheka, akaketi kwenye mtungi wa gesi usio na gesi. "Mimi niliwahi kununua shuka moja Kajiado, nikiwa bado na nguvu. Nyekundu, lakini ina madoa. Chui. Ng'ombe walinikimbia wiki nzima." Kisha akaona uso wa Nzioka. "Paputani, ilikuwa ni yako?"

"Ilikuwa ya Peterson," Nzioka akasema.

Lemein aliondoka, na Nzioka akafungua sanduku. Alikitandaza kitambaa juu ya meza. Kwenye pembe kulikuwa na alama ya Kaluki: mishono mitatu ya uzi wa kijani, midogo kama nyayo za kifaranga. Kaluki alikuwa akiketi kwenye meza ya kupima, mlangoni mwa chumba cha rangi. Kila jora lililotoka kuoshwa alilidondoshea matone ya ayodini kutoka kwenye chupa ndogo ya kahawia. Tone likibaki na rangi ya chai, stachi imekwisha, anashona uzi wa kijani kwenye pembe, mwanzo na mwisho wa jora. Likigeuka buluu nzito, stachi ipo, anashona uzi mwekundu na jora linarudishwa. Mpaka rangi hapimi. Anatazama pembe, akiona kijani anatia ndani. Nzioka alikuwa ameuamini uzi huo kuliko saa ya ukutani. Hata uchumba wao ulianzia hapo. Alianza kwa kutazama pembe za majora, kisha vidole vilivyoshona, kisha mwenye vidole.

Basi hakuhitaji kupima. Lakini chupa ya kahawia ilikuwa mle mle sandukuni, chini ya kitambaa, imefungwa kwa gazeti. Kaluki aliondoka nayo siku ya mwisho ya kiwanda, akawa anawapaka watoto wa majirani wa plot wakijikata, na ikiisha anaijaza tena. Nzioka aliishika. Ilikuwa na alama ya kidole gumba, kahawia, kwenye kizibo. Akafikiri, nitaweka tone moja tu, vile alivyokuwa akiweka, nione mkono wake ulikuwa unafanya nini siku zile zote mimi nikiwa upande wa pili wa mlango.

Aliinama, akadondosha.

Tone lilikaa kitambo kidogo likiwa na rangi ya chai. Kisha likaanza kuiva kutoka katikati, buluu, buluu nzito, mpaka likawa kama jicho lililopigwa ngumi.

Alidondosha jingine, vidole viwili pembeni. Likabaki chai. Jingine mbele, buluu. Jingine, chai. Mabaka. Alisimama na chupa mkononi akiutazama uzi wa kijani, na uzi wa kijani ukimtazama yeye.

Jambo la kwanza alilotafuta lilikuwa wakubwa, na wakubwa hawakuwa mbali. Walikuwa wamepunguza kuni, boila ikapoa, na maji ya kuoshea yakiwa baridi stachi haitoki. Walikuwa wameweka mwanamke mmoja kwenye meza iliyohitaji watatu. Hawakutoa ruhusa hata mtoto akiwa anakata roho. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na Nzioka angeapa mbele ya hakimu. Lakini katikati ya kweli hizo kulikuwa na nyingine, ndogo, kama jiwe ndani ya wali. Akaiuma.

Siku ile mlinzi wa geti alikuja akikimbia na ujumbe. Katee, wa miaka minne, alikuwa na surua na imeshuka kifuani. Jirani alikuwa amempeleka zahanati na mtoto hapumui vizuri. Nzioka aliacha pipa, akaenda kwenye meza ya Kaluki. Mkewe alikuwa ameshasikia, lakini mbele yake kulikuwa na majora matatu bado hayajapimwa, la saba, la nane na la tisa.

"Sijayawekea dawa," alisema.

"Maji ni yale yale, majora ni yale yale," Nzioka akamwambia. "Shona uzi twende. Majora yasipopita hawatufungulii geti."

"Nzioka, haya sijayaona."

"Kaluki, shona."

Akashona. Kijani, kijani, kijani. Walikimbia mpaka zahanati, na mtoto akapona. Kesho yake Nzioka aliingia kazini na furaha kichwani, akaona kijani kwenye pembe, akatia majora ndani.

Si kwamba alikuwa amesahau. Alikuwa ameliweka jambo mahali ambapo hatazami, kama vile mtu anavyoficha panga juu ya dari. Na mwanamke yule alikuwa anajua. Miaka kumi na tisa Nzioka anamlaani Peterson juu ya ugali, na Kaluki anainuka kwenda kuangalia moto, na kila Desemba anakikung'uta kitambaa na kukirudisha sandukuni. Angeweza kumwambia, "Ni wewe uliyesema nishone." Hakuwahi. Alimwachia mumewe mtu wa kulaumu, kama unavyomwachia mzee fimbo yake.

Nzioka aliketi kwenye mtungi wa gesi wa Lemein. Jua lilipanda mpaka kwenye paa la jirani. Alipoinuka, alichukua mkasi, akakata ukanda wa upana wa kiganja kwenye pembe ile, wenye uzi wa kijani, akaukunja na kuutia kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Hakujua anaufanyia nini. Kisha akaenda kwa Mbeke, jirani aliyekuwa akiuza uji barabarani.

"Niko na shida ya kimea," alisema. "Cha mtama. Kilo mbili, kimesagwa."

Mbeke alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Baba Katee, uzee huu ndio unataka kuanza kupika pombe?"

"Ni ya kuosha nguo."

"Hiyo ndiyo ile pombe naisikia kila siku. Ati ya kuosha."

Lakini alimpa. Kiwandani dawa ya kutoa stachi ilikuja kwa madumu, na ni Kaluki aliyewahi kusema inanuka kama kimea cha nyanya yake kule Mwala, cha mtama uliooteshwa chini ya magunia. Hakuna aliyemsikiliza, maana hakuwa na cheti, lakini ilikuwa ni kitu kimoja. Kimea hula wanga.

Nzioka alipasha maji moto, akayapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto. Yakizidi, kimea kinakufa; yakipungua, kinalala. Akakoroga unga, akazamisha kitambaa, akalifunika pipa kwa blanketi mbili na kukaa karibu nalo kama kuku anayeatamia. Kila lilipopoa aliongeza kuni kidogo. Harufu ilipopanda, tamu na chachu kwa pamoja, alimwona Kaluki wazi kabisa, kitambaa cha kichwa kimelegea, akinusa na kucheka, "Nzioka, hii wanatuletea kutoka ng'ambo na kwetu tunainywa." Kicheko kile alikuwa amekipoteza. Kilichobaki kwenye kumbukumbu yake kilikuwa kikohozi tu, kile cha chumba cha kung'arisha nguo walikompeleka miaka ya mwisho, na barakoa walizoahidiwa na wakubwa ambazo hazikufika mpaka leo.

Kesho yake alisuuza na kudondosha matone, moja kila kiganja, mita zote sita. Chai. Chai tupu, kutoka pembe hadi pembe. Akachemsha na magadi ya Lemein mpaka maji yakawa ya kahawia na kitambaa kikawa kinanywa tone la maji papo hapo, kama mchanga. Akasuuza tena kwa maji ya mvua, ndoo baada ya ndoo.

Siku ya tatu akapaka. Rangi ya unga kwanza, kisha chumvi kidogo kidogo ili rangi isogee kwenye nyuzi, kisha magadi kijiko kwa kijiko ili ishike isitoke tena, na mwiko hausimami hata sekunde moja. Kiuno kiliuma. Alitia kidole, akalamba, akaongeza nusu kijiko. Alipokitoa na kukisuuza na kukianika kwenye kamba, watoto wa plot waliacha mpira wao. Kilikuwa chekundu kama kaa la mkaa ukilipuliza, na hakikuwa na doa.

Katee alikigusa, akakiweka usoni. Alilia kidogo, akajifuta na mkono wake mwenyewe asikiloweshe. "Baba, mbona hukuwahi kuniambia unajua hivi?"

"Waliniweka kwa boila," Nzioka akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza jina la mtu.

Jumamosi, baada ya kanisa, watu walijaa nyumbani kwa Lemein huko Mashuuru. Katee aliingia na ile nyekundu imemkaa begani, shanga zimemzunguka shingo, na wanawake wa Kimaasai wakamwimbia. Lemein alipita karibu na Nzioka. "Paputani, hii ng'ombe hawataikimbia," akasema, akaenda zake.

Peterson alimkuta Nzioka kando ya tangi la maji. Alikuwa amepungua, anatembea kwa fimbo, na suti imebaki kubwa. Hawakupeana mkono mara moja.

"Nimeomba kuigusa," Peterson alisema. "Binti akaniruhusu. Nimeiinua kwa jua. Ni ile ya oda ya Kajiado?"

"Ni ile. Mwisho wa jora la tisa."

"Haina doa."

"Haina."

Peterson alitazama chini, akachora kitu vumbini kwa fimbo. "Basi ilikuwa rangi yangu. Mapipa yale yalikuwa yameingia unyevu. Niliona, nikasema itapita. Ilipokataa, nikaandika jina lako. Nimekuwa nikikukwepa Kitengela kama askari. Hata mazishi ya mama Katee nilifika kwa geti, nikarudi. Nzioka, ulikuwa unasema ukweli."

Nzioka alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka ishirini na moja. Alikuwa na majibu yake, ameyanoa, moja kwa kila mwaka wa kubeba kuni. Yalikuwa hapo sasa, na Peterson amesimama kichwa chini, na hakuna mwingine duniani aliyejua. Kunyamaza tu kungetosha. Kaluki angebaki safi, yeye angebaki safi, na Peterson angekufa na mzigo ambao tayari alishauzoea.

Akatia mkono mfukoni, akatoa ukanda na ile chupa ya kahawia, aliyoibeba asubuhi.

"Shika hapa," alisema. "Hii sikuiosha. Iko vile ilivyotoka."

Akadondosha tone. Peterson alivaa miwani. Walisimama vichwa vimekaribiana, wazee wawili wanatazama tone likiiva.

"Stachi," Peterson akasema.

"Stachi. Rangi yako, pengine ilikuwa mbovu, hiyo ni juu yako. Lakini si hiyo iliyoleta chui."

Peterson aligusa uzi wa kijani kwa kucha. "Kaluki alipitisha?"

"Mimi nilipitisha. Alikataa, nikamwambia ashone. Mtoto alikuwa zahanati, hapumui."

"Mtoto gani?"

Nzioka akaelekeza kidevu kule wanawake walikokuwa, kwenye ile nyekundu katikati yao. Peterson alitazama muda mrefu.

"Miaka yote nimeila ile rangi kama dhambi," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na hasira kidogo. "Hata kanisani."

"Na mimi nimekula wewe."

"Utakuwa umeshiba."

"Nimeshiba." Kisha, kwa sababu hakuweza kumaliza bila kulisema, Nzioka akaongeza, "Lakini ile meza walimweka mwanamke mmoja."

"Niliandika barua mbili waongeze mtu."

"Walijibu nini?"

"Wewe uliwahi kuona wakajibu?"

Nzioka hakuwahi. Kisha Peterson akanyoosha kiganja. "Nipe hiyo. Niende nayo Kimuka. Nataka niwe nikiitazama."

"Ngoja."

Nzioka aliinamia ukanda, akaingiza kucha chini ya mshono wa kwanza, akauvuta taratibu usikatike, kisha wa pili, kisha wa tatu. Akampa Peterson kitambaa chenye doa la buluu. Uzi wa kijani, uliobaki na mikunjo mahali sindano ilipopita, akauzungusha kwenye kidole chake cha pete, juu ya pete, akaufunga kwa meno.